Pimbi Kuolewa na Tembo

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Majibu yametoka! Nimepiga kelele mpaka mkuu wa maabara akachungulia mlangoni akidhani nimeungua.

Nimeyapanga kwenye kompyuta, mstari chini ya mstari: vinasaba vya pimbi wetu wa Bikita, chini yake vya tembo, chini yake vya sungura. Herufi tupu, nne tu, zinarudiwa mpaka macho yanauma. Pimbi na tembo wanakwenda pamoja kama waimbaji wa kwaya moja. Mmoja akikosea noti, mwenzake anakosea papo hapo. Sungura anaimba wimbo mwingine kabisa. Na hayo makosa ndiyo utamu wenyewe! Watu wawili wakisema sawa neno lile lile, si ajabu. Wakilikosea kwa namna ile ile, ujue wamelelewa na mama mmoja.

Jambo si geni, vitabu vimelisema zamani. Lakini hawa ni pimbi wa kwetu. Manyoya nimeyang'oa kwa mkono wangu, kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba yetu.

Wenzangu hapa Harare wananitania tu. Mutupo wetu ni pimbi — hatumli, hatumtukani, ukoo mzima tunaitwa kwa jina lake. "Shuvai anawapima ndugu zake!" Wacheke. Na Farirai wangu, mutupo wake ni tembo! Nilimpigia simu hapo hapo nikamweleza. Akasema kumbe mimi na yeye tulianza kujuana zamani hivyo.

Jumamosi ya tarehe 28 watu wake wanakuja na mahari. Lazima iwe siku hiyo. Novemba ni mwezi wa Mbudzi, haoi mtu wala haolewi mtu, na Novemba hiyo hiyo Farirai anavuka na mitambo yake kwenda kuchimba visima Msumbiji mpaka Pasaka. Nina miaka thelathini na tatu. Pasaka siitaki.

Jumamosi, 14 Oktoba

Niko nyumbani Bikita. Mdomo wangu huu! Ungekuwa mbuzi ningeufunga kamba.

Tulikuwa tunakula, sadza, ugali wetu, na kuku wa kienyeji. Tete Plaxedes, dada wa marehemu baba, aliniuliza tu kwa upole, siku hizi huko kazini unafanya nini. Angeniuliza habari za mvua! Nikaanza. Nikaeleza meno ya pimbi, yale mawili ya mbele, yanavyokua maisha yake yote kama pembe za tembo. Nikaeleza kucha zake. Nikaeleza mimba — mnyama saizi ya paka, anabeba miezi saba na zaidi! Tete akapiga makofi. Nikaona nimewapata, nikaeleza na dume: kwamba dume la pimbi, kama la tembo, huficha mali zake zote tumboni, hakuna kinachoning'inia.

"Sasa majike wanamjuaje mume?" Tete akauliza, na machozi ya kicheko yanamtoka.

Baba mdogo Ezira hakucheka. Yeye ni mdogo wake baba, na tangu baba afariki ndiye anayekalia kiti chake, ndiye atakayepokea mahari yangu. Aliliweka tonge lake sahanini.

"Hebu rudia. Pimbi na nani?"

"Na tembo, Baba. Mama mmoja, watoto watatu. Mmoja kaenda baharini kawa nguva, mmoja kakua kawa tembo, wa mwisho kapanda mwambani."

"Na huyo mchumba wako ni wa ukoo gani?"

"Samanyanga!" Tete akadakia huku bado anacheka. Mwenye pembe: ndivyo watu wa Tembo wanavyoitwa kwa heshima. Halafu kicheko kikamfia mdomoni. Aliniangalia. Nikaangalia kuku.

"Basi," Baba mdogo akasema, "mnataka kuoana ndugu."

Jumapili, 15 Oktoba

Nilidhani ni utani. Si utani. Asubuhi amevaa kofia, ameketi barazani, ameniita.

Akasema njia ipo. Wazee hawakuwa wajinga: ndugu wa mbali wakipendana, upande wa mume hutoa ng'ombe mweupe wa kukata undugu. Undugu unakatwa, watu wanaoana, mizimu ya ukoo inatulia. Bila ng'ombe huyo yeye hapokei kitu tarehe 28. Hata sahani ya mahari haigusi.

Nikamwambia, Baba, huyo mama mmoja aliishi zaidi ya miaka milioni sitini iliyopita!

"Damu huwa inaoza?"

Nikamwambia kwa hesabu hiyo kila kitu ni ndugu yetu. Mbuzi ni ndugu yetu. Samaki ni ndugu yetu. Ukirudi nyuma sana hata kabeji!

"Kabeji haijaja kukuposa."

Ningecheka kama si mimi ninayeolewa. Kisha akavua kofia, akaipakata, na sauti yake ikashuka. Akasema baba yangu yuko chini anamsikiliza. Akikosea yeye kupokea, watakaolipa ni mimi na watoto wangu. Kumbe anaogopa. Huyu mtu hana tamaa ya ng'ombe hata kidogo, anaogopa kwa ajili yangu. Hapo ndipo hasira zangu zote zilipokosa pa kukaa.

Jumanne, 17 Oktoba

Harare. Mijakaranda imemwaga maua mpaka barabara ni zambarau, na mimi sina hamu nayo.

Tete kapiga simu. Habari zimeshafika kwa watu wa Farirai, na wamekasirika! Si kwa sababu ya ng'ombe. Kwa sababu ya undugu. Mshenga wao, Bwana Chakanetsa, alisimama kwenye kikao chao akauliza kama masikio yake yamezeeka. "Sisi Samanyanga, tukipita ardhi inatikisika, leo tuambiwe ni binamu wa kile kipanya cha mawe?" Wamesema mahari wataleta yote, hata nguo ya mama mkwe wameshaichagua. Lakini ng'ombe mweupe hawatoi. Kumtoa ni kukubali.

Kipanya! Nilitaka kumweleza Tete kwamba sisi watu tuko karibu na panya kuliko pimbi alivyo karibu na panya. Nilijizuia. Nimeanza kujifunza.

Tete ana dawa yake. "Mwanangu, sema ulikosea. Sema kompyuta iliharibika. Baba yako mdogo atatulia, Tembo watatulia, utaolewa, halafu Jumatatu kompyuta ipone."

Ni rahisi kweli. Neno moja tu, "nilikosea". Nimeirudia kazi yangu yote mchana kutwa nikitafuta mahali pa kukosea. Mistari ile miwili bado inaimba pamoja. Mizuri sana! Nimebaki naitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Niandike kabla haijapoa.

Farirai hawezi kuonekana nyumbani kwetu kabla ya mahari, kwa hiyo tulikutana upande wa pili wa kilima, mimi na mitego yangu ya kazi, yeye na kofia ya plastiki ya uchimbaji, sijui ya nini. "Mwamba ukiniangukia?" Mwamba ule umekaa hapo tangu dunia iumbwe.

Niliweka jani la kabeji ndani ya mtego. Hatukukaa sana. Pimbi jike, mnene, ana hasira kama mama mwenye nyumba. Nilivaa glavu nikamtoa, nikamfunua mdomo: haya, Samanyanga, tazama pembe. Farirai akainama. Yale meno mawili, marefu, yamechongoka. Nikamgeuza unyayo: laini, mweusi, wenye jasho, na kucha bapa zimejipanga mbele. Akaugusa kwa kidole kimoja.

"Huu ni mguu wa tembo," akasema. "Shuvai. Huu ni mguu wa tembo!"

Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Akamsogelea pimbi, akavua ile kofia yake. "Binamu, habari za siku nyingi? Kwenu hawajambo?" Pimbi akaning'ata glavu. Nilicheka mpaka nikamwachia, akapotea kwenye ufa.

Tulikaa kivulini tukala matunda ya mazhanje, ya kwanza ya msimu, bado yana ugwadu. Juu yetu pimbi walikuwa wanaota jua. Pale kwetu wako wa aina mbili, wa mawe na wa madoa ya njano, wanalala wamelaliana kama ndugu wa tumbo moja. Hawazaani kamwe. Nilimweleza Farirai hivyo, na jinsi damu zao zilivyoachana zamani, ingawa kwa macho ni kama mapacha. Na tembo hafanani na pimbi hata kwa kivuli, ila ndiye wa karibu. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Nadhani walikuwa wamewatazama hawa.

Kisha nikamwambia ushauri wa Tete.

Akaacha kutafuna. "Kwani ulikosea?"

"La."

"Basi usikane." Akatema mbegu. "Mimi nachimba visima. Watu wakilia wanataka maji, nami naona hapana maji, nikiwaambia yapo ili wafurahi, watakunywa nini? Usikane, Pimbi wangu. Mimi nitaoa binamu."

"Na ng'ombe?"

Akauliza ng'ombe wa Baba mdogo ni wa rangi gani. Swali la ajabu! Nikamwambia hudhurungi wote. Akaitika kwa kichwa, akala zhanje jingine.

Nampenda. Niliandike wazi, maana hakuna anayesoma humu. Nampenda mpaka nachoka.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimejaribu tena kwa Baba mdogo. Nimejuta tena.

Nilidhani leo nina hoja. Nikaanza, yeye akanikatiza: "Pale mwambani wako pimbi wa aina mbili, au siyo? Wanaoana?"

Hawaoani, Baba.

"Umeona? Hata pimbi anajua miiko!"

Nikamwambia hapana, hawaoani kwa sababu damu zao ziko mbali mno, si kwa sababu ziko karibu mno. Akanitazama kama hakimu aliyemkamata mwizi na kuku mkononi.

"Kwa hiyo wanaofanana wako mbali. Na wasiofanana wako karibu. Sasa tembo na pimbi, mbali au karibu? Chagua!"

Yote mawili, nilisema. Akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Jumatano, 25 Oktoba

Joto. Farirai hapokei simu. Ujumbe mmoja tu tangu jana: niko Gutu, kuna vumbi, nakupenda. Gutu kuna nini?

Tete anasema Tembo wamekaza. Baba mdogo amekaza. Mimi nimebaki katikati, kama chumvi inayosubiri kujua itatiwa mboga gani.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nyumba imejaa! Wanawake wa ukoo wamekuja tangu asubuhi, jikoni hakuna pa kuweka mguu. Maheu, togwa yetu, yamepoa kwenye ndoo. Mbuzi kachinjwa. Nyimbo ambazo haziwezi kuandikwa humu hata kama ni siri yangu — na anayeongoza ni mke wa mchungaji! Nimechekwa, nimepakwa mafuta, nimefundishwa jinsi ya kupiga magoti, nimeambiwa nipunguze maneno. Hilo la mwisho nimeambiwa na kila mtu kwa zamu. Nimefurahi leo kama mtu asiye na shida yoyote. Nusu saa nzima nilisahau kabisa.

Tete kanifuata chumbani na ugali wa mtama ambao sikuuomba. "Kesho sema kompyuta." Nikatafuna. "Umesikia, wewe Pimbi? Kompyuta!"

Jioni Baba mdogo aliniita kwenye zizi. Alikuwa anakagua kamba, mara mbili mbili, kama vile ng'ombe wa mahari wameshafika. Akasema kesho ataniuliza mbele ya watu wote, na anataka neno moja, si hotuba.

Nikamuuliza angependa niseme nini.

"Kweli." Alishangaa kuulizwa. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wengine wote hapa tunakisia."

Nimekuja kulala. Usingizi hauji. Wanaume wawili ninaowapenda wananiomba kitu kile kile, na nikikitoa, Tembo watasimama waondoke, na Jumatano ni mlango wa Mbudzi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Niko chumbani. Ndivyo ilivyo desturi: bibi harusi anafungiwa mpaka aitwe. Mkeka, kioo, mlango ulioegeshwa, na daftari hili ambalo Tete anadhani ni la sala. Naandika huku nasikiliza ya sebuleni.

Wamekuja! Walianza vibaya, kwa raha ya wote. Bwana Chakanetsa alibisha hodi akiwa na kofia kichwani. Faini. Akaketi kabla hajaonyeshwa pa kuketi. Faini. Akaomba maji ya kunywa — faini tena, hata sijui kwa kosa gani, nadhani wanawake walikuwa wamependa sauti yake. Nyumba nzima inacheka, naye anacheka. Ni mtu mzuri kumbe. Anaita watu kwa mitupo yao, anapiga makofi ya heshima taratibu, ana maneno matamu. Kama hakungekuwa na vinasaba duniani tungekuwa tumeshamaliza.

Farirai mwenyewe haonekani. Mkwe hukaa mbali mpaka aitwe. Watakuwa wamemwacha garini, nyuma ya mti wa muhacha.

Sasa wako kwenye mahari. Sahani ya mbao inasukumwa. Nasikia Baba mdogo anashukuru, anashukuru tena, kisha anakohoa. Nakijua kikohozi hicho.

"Samanyanga, tumefurahi. Lakini bado kitu kimoja."

"Mzee, hatuna ng'ombe huyo kwa sababu hatuna undugu huo."

"Binti yetu anasema upo."

"Binti yenu tunamheshimu. Lakini tembo ni tembo."

"Na pimbi je?"

Bwana Chakanetsa heshima imemzuia. Lakini kuna mtu wa upande wao, sijui nani, kasema kwa sauti ya chini kwamba pimbi ni kitoweo.

Mungu wangu! Kitoweo! Wanawake wa kwetu wamelipuka. Mke wa mchungaji ndiye anayesikika zaidi. Bwana Chakanetsa anaomba radhi, anamtoza faini mtu wake mwenyewe, jasho linamtoka, naliona kwa sauti. Sasa sahani inasukumwa — inarudi upande wa pili. Naijua sauti ya mbao kwenye sakafu ya saruji. Baba mdogo ameirudisha mahari yangu.

Nimesimama. Nimekaa. Kiti kimoja kimesukumwa nyuma sebuleni, na kingine. Wanainuka?

"Keti, Samanyanga," Baba mdogo anasema. "Hatugombani. Tumuulize mwenye kujua."

Simu yangu imetetemeka mkekani.

Farirai. Maneno matatu: usikane. Chungulia dirishani.

Nimechungulia.

Hayuko garini wala nyuma ya muhacha. Yuko nyuma ya zizi letu, mkwe mzima ambaye hatakiwi hata kuonekana, amevaa suti na ile kofia yake ya plastiki, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Mkononi ana kamba. Kwenye kamba kuna ng'ombe. Mweupe! Mweupe kama unga. Kumbe ndiyo Gutu hiyo! Watu wake hawajui, nina hakika hawajui, maana anainama kila anapoona dirisha la sebuleni, na ng'ombe anamvuta kwenye maua ya Tete.

Aliniamini. Kabla ya mtu yeyote kuketi na kukubaliana, alishaenda kumtafuta.

Ng'ombe kageuka upande. Ngoja. Sikio moja ni jeusi. Jeusi tititi! Baba mdogo ataliona hilo sikio kabla hajamwona ng'ombe. Nimeziba mdomo kwa kanga ili nisicheke kwa sauti, na machozi yananitoka, na wanja wote alionipaka Tete umeharibika.

Tete kafungua mlango. Amenitazama uso, akatazama dirisha, hakuona kitu. "Unalia au unacheka? Njoo, wanakusubiri. Magoti chini, macho chini. Na ni kompyuta, mwanangu. Kompyuta!"

Wataniuliza mawili. Kwanza kama tembo na pimbi ni ndugu. Halafu, kama mahari bado iko, kama nawataka watu hawa. Jibu langu ni lile lile kwa yote mawili.

Namalizia mstari huu. Tete ananivuta mkono —

Ng'ombe kalia! Kwa nguvu, hapo hapo chini ya dirisha. Kalia tena. Na sasa sebuleni kuna mtu mmoja kaanza kucheka, kicheko cha tumbo, hawezi kujizuia, na hapa nilipo siwezi kujua ni wa upande wao au wa kwetu.